Shajara ya mradi: gredi za chuma katika modeli ya ghala la Wete

Jengo ni ghala la mazao, upana mita 18 na urefu mita 36, lenye fremu 7 zilizopishana mita 6. Nguzo ni 14 za HEA 240. Boriti za paa ni 14 za IPE 330 zenye mwinamo wa nyuzi 10 (HEA na IPE ni majina ya profaili za chuma za umbo la H na la I). Papi ni za umbo la Z, mikingamo ni pembe za L 70×70×7, na fremu zinafungana kwa urefu kwa mirija ya mraba ya 100×100×5. Chuma kinakatwa na kuchomelewa Unguja, kinapakiwa kwenye bandari ya Malindi huko huko, kinakwenda kufungwa Wete, Pemba. Modeli, yaani jengo zima lililochorwa kwa vipimo vitatu, iko kwenye programu ya Tekla Structures. Shajara hii inafuata jambo moja tu ndani ya modeli hiyo, nalo ni gredi, yaani jina linalotaja nguvu na aina ya chuma, tangu mhandisi anapoiandika mpaka inapochorwa kwa rangi juu ya bamba. Kati ya karakana na kiwanja pana bahari, na bamba lililokosewa haliendi karakana asubuhi likarudi jioni.

Wiki ya 1, Jumatatu

Modeli imeingizwa kutoka programu ya mahesabu. Taarifa ya mhandisi ina gredi nne: S355JR kwa nguzo, boriti za paa na mabamba ya viungo, S275JR kwa pembe na vibamba vya kuimarisha, S355J2H kwa mirija, S350GD+Z275 kwa papi. Ripoti ya vipande iliyopangwa kwa gredi inatoa majina manane: S355JR, S355, S355J2, Fe510, S275, S275JR, Grade43 na S355J2H. S350GD haimo kabisa.

Majina hayo yametenganishwa mafungu mawili kabla ya kugusa chochote. Fungu la kwanza ni chuma kile kile kilichoandikwa kwa jina jingine. Fe510 ni jina la awali la kiwango cha Ulaya kwa kinachoitwa leo S355, na Grade43 ni ya kiwango cha Uingereza BS 4360, ambayo leo ni S275. Fungu la pili ni makosa yenyewe: papi zote zilibeba S275. Papi za bati lililokunjwa na kupakwa zinki zina kiwango chao, EN 10346, na S350GD ina nguvu ya kuanza kunyooka (mkazo ambao chuma kinaanza kurefuka bila kurudi) ya 350 N/mm². Anayesoma orodha na kuagiza papi za 275 atapata asilimia 79 ya nguvu iliyohesabiwa, na kwa macho hataona tofauti.

S355 peke yake, bila herufi za nyuma, ni jina lisilokamilika. Nguvu inajulikana, ila ukinzani dhidi ya kupasuka ghafla haujulikani. JR ina maana kipande cha majaribio kimefyonza jouli 27 kwenye nyuzi 20; J0 ni jouli 27 kwenye nyuzi sifuri; J2 ni jouli 27 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Pemba hewa haikaribii sifuri hata usiku wa baridi wa kusi, kwa hiyo JR inatosha kwa unene uliomo humu. Muuzaji akileta J2 mahali pa JR anapokewa. Kinyume chake hakipokewi bila saini ya mhandisi.

Wiki ya 1, Jumanne

Vipande vimehamishiwa gredi sahihi kwa kichujio, fungu moja baada ya jingine. Tahadhari moja kubwa hapa: kichujio cha S355* kinakamata pia S355J2H. Ukichagua kwa nyota hiyo na kubadili vyote kuwa S355JR, mirija yote inapoteza H yake, na H ndiyo inayosema kwamba ni chuma cha mrija. Vichujio vimeandikwa kwa jina kamili, bila nyota.

Kisha katalogi. Katalogi inayokuja na mazingira ya programu ina gredi nyingi za nchi nyingi, na kila jina la ziada ni nafasi ya kidole kuteleza kwenye orodha. Katalogi ya mradi huu imebakishwa na gredi za mradi tu. Mpangilio wa kazi una sababu yake:

1. Nakala ya modeli inawekwa pembeni.
2. Vipande vyote vinahamishwa kwenda gredi zitakazobaki. Ukifuta gredi kwanza, vipande vinabaki na jina lisilo na mwenyewe, na uzito wake hauaminiki tena.
3. Gredi mpya zinaundwa kwa kunakili gredi ya chuma iliyopo, kisha kubadili jina. Msongamano unakaguliwa kwenye kila moja: kilo 7850 kwa mita ya ujazo.
4. Gredi zisizotakiwa zinafutwa.
5. Katalogi inahifadhiwa ndani ya folda ya modeli.

Hatua ya mwisho inaweka faili la matdb.bin ndani ya folda ya modeli. Programu huanza kutafuta humo, kisha folda ya mradi, kisha ya kampuni, na mwisho ya mazingira. Kwa hiyo mchora modeli wa pili akipewa modeli kwa kunakiliwa baadhi ya mafaili tu, bila hilo, kwake katalogi inarudi kuwa ile ndefu, na hakuna onyo lolote. Faili hilo limeongezwa kwenye orodha ya vitu vya kukagua kila modeli inapohamishwa kompyuta.

Katalogi ina nafasi tatu za majina mbadala kwa kila gredi. Zimeachwa wazi kwa makusudi. Jina mbadala linafananisha majina, halifananishi chuma. A36 ya Marekani ina 250 N/mm², kwa hiyo si S275, ingawa madukani huuzwa kama ndugu. E250 ya India nayo ni 250. Q345 ya zamani ya China ilikuwa 345, na nafasi yake ilichukuliwa na Q355 katika kiwango cha 2018. Chuma kinachofika visiwani kinatoka pande zote hizo, na jina mbadala kwenye katalogi lingeyapitisha yote kimya kimya.

Wiki ya 1, Alhamisi

Nguzo na boriti ziko sawa, lakini ripoti bado inaonyesha mabamba 34 yenye gredi isiyotakiwa. Yote yametokana na viungo vya programu. Kiungo kinaunda mabamba yake chenyewe, na kama sanduku la gredi ndani ya kiungo liko tupu, kinachukua gredi iliyowekwa kwenye Options, sehemu ya Components. Pale palikuwa na gredi ya mradi uliopita.

Marekebisho: gredi ya msingi kwenye Options imewekwa S275JR, iliyo dhaifu zaidi kati ya mbili za mabamba. Kisha viungo vinavyohitaji S355JR vimeandikiwa wazi ndani yake: bamba la mwisho (kiungo namba 144 kwenye programu), mabamba ya kilele (namba 14) na mguu wa nguzo (namba 1004). Sababu ya kuchagua dhaifu kuwa ya msingi ni hii: kiungo kikisahauliwa, kosa linajitokeza kwenye ukaguzi kama bamba muhimu lenye gredi ndogo, na ukaguzi huo unafanyika kila wiki. Gredi kubwa ikiwa ya msingi, vibamba vidogo visivyohitaji vinaagizwa kwa bei ya juu na hakuna anayegundua.

Mafaili ya sifa yaliyohifadhiwa nayo yamefunguliwa moja moja. Faili la sifa hubeba gredi kama maandishi tu. Ukilileta kutoka mradi mwingine linaleta na gredi yake, na bonyezo moja la kurekebisha boriti kumi linabadilisha gredi ya zote kumi hata kama nia ilikuwa kubadili rangi peke yake. Kabla ya kurekebisha vipande vingi kwa pamoja, alama ya tiki mbele ya gredi inaondolewa.

Wiki ya 2, Jumatatu

Boliti. Gredi ya 8.8 haikai kwenye katalogi ya gredi za chuma. Inakaa kwenye katalogi ya boliti pamoja na kipenyo na urefu. Isipokuwa mahali pamoja: boliti za msingi za M24 (kipenyo cha mm 24) zimechorwa kama vipande vya chuma cha duara, kwa hiyo zinasoma gredi kama kipande kingine chochote. Zilikuwa zimechukua S275JR. 8.8 ina 640 N/mm² ya kuanza kunyooka na 800 ya kukatika, zaidi ya mara mbili ya ile iliyoandikwa. Gredi yenye jina 8.8 imeongezwa kwenye katalogi kwa ajili ya hizo 56 tu, nne kwa kila nguzo.

Hizi ndizo zinazotangulia kuondoka kwa sababu zinaingia ndani ya zege. Kosa hapa halitengenezeki kwa kubadilisha bamba.

Wiki ya 2, Jumatano

Uzito wa mabamba ya miguu ya nguzo kwenye orodha haukuwa na akili. Bamba la 600×400×25 lina uzito wa kilo 47.1, orodha ilitoa 14.4. Kilo 14.4 ndizo zinazopatikana kwa msongamano wa 2400, yaani wa zege. Gredi moja iliundwa upya kwa kubonyeza mahali pasipo sahihi, ikarithi tabia za zege. Jina lake lilikuwa sawasawa, na kwenye mchoro ilionekana sawasawa.

Uzito unatumika kwa mambo matatu kwenye mradi huu: malipo ya karakana, nauli ya meli, na uchaguzi wa kreni ya Wete. Makosa ya namna hii yanaonekana kwa hesabu ya mkono ya dakika mbili, nayo inafanywa kila orodha inapotolewa. Nguzo 14 za mita 6 ni mita 84, mara kilo 60.3 ni kilo 5065. Boriti za paa 14 za mita 9.14 ni mita 128 kasoro kidogo, mara kilo 49.1 ni takriban kilo 6280. Orodha ikitofautiana na hapo kwa zaidi ya asilimia 2, haitoki ofisini.

Mirija kwa ufupi: S355J2H ni jina linalotumiwa na viwango viwili, EN 10210 ya mirija iliyokamilishwa kwa moto na EN 10219 ya iliyokunjwa baridi. Gredi ni moja, mrija si mmoja. 100×100×5 ya moto ni kilo 14.7 kwa mita, ya baridi ni 14.4, na pembe zake zina mviringo mkubwa zaidi. Gredi haitenganishi, kwa hiyo profaili ndiyo inayotenganisha. Mahesabu yalifanywa kwa ya baridi, na ndiyo iliyobaki kwenye modeli.

Wiki ya 2, Ijumaa

Upigaji namba. Programu inalinganisha vipande. Vyenye umbo moja, profaili moja na gredi moja vinapata namba moja. Gredi ikitofautiana hata kwa herufi, namba inatofautiana. Vibamba 28 vya kuimarisha vilivyo sawa kabisa vilikuwa vimegawanyika: 22 chini ya P14 na 6 chini ya P31, kwa sababu sita hizo bado ziliandikwa S275. Michoro miwili ya kitu kimoja. Baada ya kusahihisha, P31 imeondoka.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni mzito zaidi. Mabamba mawili yenye vipimo vile vile, moja S275JR na jingine S355JR, yanapata namba mbili tofauti, na hivyo ndivyo inavyopasa. Kiwanjani yanaonekana pacha. Fundi akikosa moja atachukua jingine. Kwa hiyo imekubaliwa na mhandisi kwamba bamba lolote lenye pacha wa gredi nyingine linapandishwa hadi gredi ya juu, au linabadilishwa kipimo kimoja kwa milimita 10 ili matundu yasikubali kuingiliana. Jozi tatu zilipatikana. Mbili zimepandishwa, moja imebadilishwa upana.

Baada ya michoro ya kwanza kutoka, kila badiliko la gredi linabadili namba. Kuanzia leo gredi haibadilishwi bila kuandikwa humu.

Wiki ya 3, Jumanne

Muuzaji amejibu: mabamba ya 20 mm ya S355JR hayapo kwa sasa, yapo ya S275JR ya 20 na 25. Yakisubiriwa, mzigo unaingia kwenye masika. Mhandisi ameulizwa, na swali limeandikwa kwa namba.

Kwa unene wa zaidi ya 16 mm hadi 40, nguvu ya kuanza kunyooka ya S355 inashuka hadi 345 na ya S275 hadi 265. Jina la gredi linasema 355 na 275, lakini hiyo ni kwa unene usiozidi 16. Programu ya michoro inabeba jina tu. Kushuka huko kwa nguvu ni kazi ya anayehesabu. Bamba linalopinda hubeba kulingana na nguvu mara unene kwa unene. Ili 265 ifikie 345, unene unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 345 kugawanya kwa 265, yaani 1.14. Milimita 20 inakuwa 22.8, na bamba lililopo sokoni juu ya hapo ni 25.

Jibu la mhandisi: mabamba yote 28 ya viungo vya boriti, 14 ya kilele na 14 ya mabega ya fremu (pale boriti inapokutana na nguzo), yawe 25 mm S275JR. Mabamba ya miguu ya nguzo yanabaki S355JR kwa sababu yapo.

Hapa ndipo pana kishawishi cha kwenda kwenye orodha na kufuta S355JR, kuandika S275JR na 25, kisha kutuma. Orodha ingekuwa sahihi na modeli ingekuwa mbovu. Badiliko limefanywa ndani ya kiungo, na mtiririko wake ni mrefu kuliko unavyodhaniwa:

Bamba likinenepa kwa milimita 5, boriti ya paa inafupishwa kwa milimita 5 upande huo, kwa sababu uso wa nje wa bamba haujasogea. Boriti zote 14 zimepata urefu mpya, na mafaili yake ya kukatia yaliyotolewa Ijumaa hayafai tena. Yamefutwa kwenye folda ya karakana, hayakuachwa karibu na mapya.

Boliti za kilele zinabana mabamba mawili. Kabla, kwa milimita: 40 za mabamba, 6 za washa mbili, 18 za nati, na angalau hatua moja ya uzi 2.5, jumla 66.5, boliti ya M20×70. Sasa ni 76.5, boliti ya M20×80. Boliti 56 za kilele zimebadilika. Kwenye mabega, ambako bamba linabanwa na ubawa wa HEA 240 wenye 12 mm, jumla imetoka 58.5 hadi 63.5: M20×60 imekuwa M20×65. Programu ilizibadilisha yenyewe kwa sababu urefu haukufungwa kwa mkono. Kwenye fremu moja ulikuwa umefungwa, na pale boliti ya 70 ilibaki ikiishia ndani ya nati.

Uchomeleaji: nguvu ya mshono wa kona inafuata chuma kilicho dhaifu kati ya viwili. Kwa S355 ni takriban 251 N/mm² kwa eneo la koo la mshono, kwa S275 ni 234. Upungufu ni asilimia 7. Mishono iliyokuwa imetumika karibu yote imepandishwa na mhandisi kutoka mguu wa 8 hadi 10, mingine imebaki.

Uzito wa kila bamba la kilele, 180×500, umetoka kilo 14.1 hadi 17.7.

Wiki ya 3, Alhamisi

Maelezo ya jumla pembeni mwa michoro yalisema: "Isipoelezwa vinginevyo, chuma chote ni S355JR." Tangu Jumanne sentensi hiyo inapingana na jedwali lililo chini yake kwenye karatasi hiyo hiyo. Imeondolewa kwenye michoro yote. Gredi inaonekana mahali pamoja tu, kwenye jedwali la vipande, ambako inasomwa moja kwa moja kutoka modeli. Anayetaka sentensi ya jumla kwa ajili ya uzuri wa karatasi aandike "tazama jedwali".

Vipande vya nje vinachovywa zinki. Palitolewa wazo la kuunda gredi ya S355JR-ZN ili vitambulike. Limekataliwa: ingepiga namba upya kwa vipande vyote vya nje, na hakuna cheti kitakachokuja na jina hilo. Alama ya zinki imewekwa kwenye sehemu ya umaliziaji. Kinachohitajika kwenye oda ya chuma ni silikoni: kati ya asilimia 0.04 na 0.14 zinki hujenga tabaka nene, la kijivu, linalomeguka. Sharti hilo limeandikwa kwenye oda, maana gredi pekee hailisemi.

Wiki ya 4, Jumatatu

Mafaili ya kukatia ya muundo wa DSTV, unaosomwa na mashine za kukata chuma, yametolewa upya. Kichwa cha faili kinabeba oda, mchoro, awamu, namba ya kipande, kisha gredi, kabla ya idadi na profaili. Mafaili kumi yamefunguliwa kama maandishi na mstari huo kusomwa kwa jicho. Yote kumi yanalingana na jedwali. Moja lilikuwa na alama ya nafasi baada ya S275JR. Mashine ya karakana ingeisoma kama gredi nyingine na kukataa kulipanga pamoja na mengine. Nafasi hiyo ilitoka kwenye jina ndani ya katalogi, imeondolewa huko huko.

Wiki ya 4, Jumatano

Mabamba yamefika na vyeti vya kiwandani vya aina ya 3.1, vyenye matokeo ya majaribio ya chuma hicho chenyewe. Namba ya mmiminiko (ya chuma kilichoyeyushwa kwa mkupuo mmoja) kwenye cheti imelinganishwa na iliyopigwa juu ya bamba, na sita kati ya saba zimelingana. La saba limewekwa kando, halikatwi.

Karakana imepewa rangi mbili: mstari wa njano kwa S275JR, wa buluu kwa S355JR. Namba ya mmiminiko inahamishiwa kwenye kila kipande kabla ya kukata, kwa sababu bamba kubwa likishakatwa, alama ya kiwandani inabaki kwenye kipande kimoja tu na vingine vyote vinakuwa chuma kisicho na jina. Vipande vya kwenda kuchovywa vinapigwa muhuri wa chuma, rangi haitabaki.

Wiki ya 4, Ijumaa

Boliti za msingi 56 zimepakiwa pamoja na viunzi vyake vya mbao na michoro ya miguu ya nguzo. Kichwa cha kila boliti ya sampuli kimekaguliwa alama ya 8.8. Bado: cheti cha bamba la saba, na boliti za M20×80, ambazo muuzaji amezihesabu 48 badala ya 56.